Gari la kuruka halitabeba mkungu wa mshare

Jumamosi iliyopita, siku ya soko, Hiace yetu ilikwama Tengeru, nje kidogo ya Arusha, karibu nusu saa. Kijana aliyekaa pembeni yangu akanionesha video kwenye simu, gari lenye mabawa likipaa. "Braza, haya yakifika Arusha, foleni kwisha." Sikumjibu vizuri kwa sababu konda alikuwa anadai nauli. Leo namjibu: kwa safari zetu za kila siku, sidhani.

Gari lenyewe si uongo. AirCar ya Slovakia iliruka kutoka Nitra hadi Bratislava tarehe 28 Juni 2021 kwa dakika 35, ikatua, ikakunja mabawa na kuingia mjini kwa magurudumu. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri ya huko ikaipa cheti cha kuruka. Aliyeibuni, Stefan Klein, namheshimu sana.

Lakini hebu tuipeleke Moshi, kilomita 80 hivi. Gari lile linahitaji uwanja wa kurukia. Kwa hiyo mtu wa Njiro ataanza kwa kwenda uwanja wa ndege wa Kisongo, magharibi ya mji, ilhali Moshi iko mashariki. Awe na leseni ya urubani, asubiri ruhusa ya mnara, aombe na hali ya hewa iwe nzuri. Anayeishi hapa anazijua asubuhi za Juni na Julai: wingu limelala juu ya mji, na Mlima Meru huuoni mpaka mchana. Akitua Moshi, bado anaingia barabarani kama sisi wengine.

Yapo magari yanayopaa wima, yasiyotaka uwanja. Hapo shida inakuwa nishati, maana kuning'inia hewani bila mabawa kunakula umeme mwingi kuliko kuruka kwa mabawa. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri. Na Arusha iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo propela inasukuma kwa nguvu zaidi kupata kile kile. Lilium na Volocopter, kampuni mbili za Ujerumani zilizokuwa mbele katika kazi hii, ziliingia kwenye ufilisi mwaka 2024. Alef ya Marekani imetangaza gari lake la watu wawili kwa dola 300,000 hivi. Watu wawili!

Sisemi kisiruke kitu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba droni ilikuwa imejaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu dawa ni nyepesi na maji hayana barabara.

Tengeru ni habari nyingine. Siku ile mama mmoja alikuwa na mikungu saba ya ndizi mshare. Konda alipanda kwenye keria, akaipokea mmoja mmoja na kuifunga kwa mpira, huku mama akimwelekeza kutoka chini: "Mwanangu, usiilaze hivyo, itapondeka." Muda wote huo tumesimama barabarani, na nyuma yetu magari yamejipanga, kwa kuwa pale tuliposimama hapakuwa na pa kujitenga. Nilichokiona kikikosekana ni eneo la pembeni, la lami, lenye upana wa Hiace mbili na pa kushushia mizigo. Hilo ndilo ningependa lijadiliwe kwenye vikao vya bajeti, na lijadiliwe mwaka huu.

Tulifika Kilombero, Arusha mjini, saa nne na robo. Konda akapanda tena juu, na mkungu wa mwisho nikaupokea mimi.