Marufuku ya mifuko Zanzibar: imepunguza nini, imeacha nini

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara walifuata miaka 13 baadaye, tarehe 1 Juni 2019. Visiwa vidogo vilitangulia katika jambo ambalo nchi kubwa zilikuwa bado zinalijadili, na sifa hiyo tunastahiki. Lakini ukipita leo kwenye mitaro ya mjini baada ya mvua ya masika, plastiki bado ipo tele. Wapo wanaosema marufuku imefanya kazi yake, na wapo wanaosema tulibadilisha sura ya taka tu, watu wakaendelea kununua kama walivyokuwa wakinunua, na zaidi. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yetu hawa wa pili ndio waliogusa kidonda.

Tuanze na wa kwanza. Rambo ule mwembamba ulikuwa taka mbaya kuliko zote kwa kisiwa, kwa sababu haukusubiri gari la manispaa. Upepo kidogo tu uliutoa jaani ukanasa mtini, ukaziba mtaro, maji yakatuama na mbu wakazaliana. Ng'ombe na mbuzi waliumeza kwa ajili ya mabaki ya chakula yaliyobaki ndani, ukajikunja tumboni usimeng'enyeke. Baharini kasa huuona kama konyeza, chakula chake. Kuuondoa mfuko huo kulipunguza madhara hayo moja kwa moja, na anayelibeza hilo amesahau miti ya kando ya barabara ilivyokuwa.

Pale penye mfuko mwembamba ukaja mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Wengi huudhani kitambaa kweli, lakini ni polipropilini, plastiki ile ile itokayo kwenye mafuta, iliyofanywa nyuzi zikabanwa kwa joto badala ya kufumwa. Kuutengeneza kunataka mali ghafi nyingi kuliko rambo. Shirika la mazingira la Uingereza lilifanya hesabu mwaka 2011: ili mfuko wa namna hii uwe nafuu kwa hali ya hewa kuliko mfuko mwembamba uliotumika mara moja, lazima utumike angalau mara 11. Wa pamba unataka mara 131.

Sasa tazama unavyotumika kwetu. Mtu huenda sokoni mikono mitupu. Samaki hutiwa kwenye kinailoni cheupe, kisha mfuko mbadala. Mboga kwa muuzaji wa pili, mfuko mwengine. Duka la tatu, wa tatu. Hakuna hata mmoja utakaofika mara 11, na si kwa uvivu wa mtumiaji peke yake. Bara waliweka kiwango cha gramu 70 kwa kila mita ya mraba, lakini mifuko mingi inayouzwa rahisi ni myepesi mno: ukiuinua kwenye mwanga unauona upande wa pili. Angalia mshikio. Kama umebandikwa kwa moto bila ya uzi, kilo mbili tatu za viazi hutosha kuuachanisha mara ya tatu au ya nne. Ukiachwa juani miezi michache, huanza kumomonyoka nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo hakuna awezaye kuziokota tena.

Chupa za maji ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Chupa tupu ya lita moja na nusu ina uzito wa gramu 30 hivi, kwa hiyo mwokotaji anahitaji chupa 33 kupata kilo moja. Anazibana, zinafungwa marobota, zinavuka kwenda Bara. Kizibo ni plastiki nyengine kabisa, nyepesi kuliko maji, na chupa yenyewe ni nzito kuliko maji. Ndiyo maana pwani unaokota vizibo vingi kuliko chupa: chupa ikishaingia maji huzama, ikakaa juu ya majani ya bahari na matumbawe, mahali asipofika mwokotaji yeyote. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa au iliyojaa mchanga hukataliwa na mnunuzi, maana moja chafu huharibu robota zima.

Tumezoea kuwatupia lawama watalii, na wana sehemu yao. Lakini hesabu arusi moja ya watu 300, kila mmoja na chupa mbili za nusu lita: ni chupa 600 kwa mchana mmoja. Zamani palikuwa na mtungi na kata. Siku hizi mgeni akipewa maji ya kata huhisi kadharauliwa, na mwenye shughuli huona aibu. Hapo si kiu tena inayonunua maji, ni heshima, na sheria ya mifuko haina mkono wa kufika huko.

Hata hivyo si haki kumkemea kila anyweye maji ya chupa. Visima vya karibu na pwani vinaingia chumvi, na jiwe la Unguja la matumbawe lina nyufa nyingi, hivyo uchafu wa vyoo hupenya haraka hadi kwenye maji ya chini. Kipindupindu tunakijua. Anayemwambia mama mwenye mtoto mchanga aache chupa ampe kwanza maji salama. Dumu la lita 20 linalorudishwa na kujazwa hutoa maji yale yale bila ya chupa 40 za nusu lita.

Nayo hoja ya kurudi kwenye kikapu cha ukili ni nzuri kuliko wanavyoichukulia wengi, ila ina mipaka. Ukindu hukatwa ukiwa jani changa halijafunguka, huanikwa, huchanwa chane, husukwa ukili, kisha hushonwa. Ni kazi ya siku kadhaa, na mnunuzi anataka kumlipa msukaji bei ya mfuko wa dukani. Kila shina la mkindu lina kiini kimoja tu. Yakikatwa machipukizi mfululizo shina hudhoofika na kufa. Na kikapu hakipendi maji ya samaki, huota ukungu. Kwa samaki pakacha la kuti ni bora: kuti lipo, husukwa kwa dakika chache, na likitupwa huoza.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Zanzibar waliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773. Hata kila mtu angebaki na taka zile zile, mzigo unaokwenda majaani ungekua kwa karibu nusu. Kwa hiyo kuongeza magari ya taka hakutoshi.

Njia tunayoiona ina nguvu ni ile tuliyoizoea kwenye soda za chupa za kigae: bila ya chupa tupu, unaweka pesa ya chupa, ukirejesha, unarejeshewa. Chupa ya plastiki ikibeba amana hata ya shilingi 100, watoto wa mtaa mzima wataitafuta. Ugumu upo. Maji mengine huja na boti kutoka Bara, na bila ya alama maalumu watu wataleta chupa ambazo hakuna aliyezilipia amana. Mwenye duka dogo naye hana pa kuweka magunia ya chupa tupu, wala pesa za kutanguliza. Kwa sababu hizo jaribio lingeanzia Pemba, ambako sehemu kubwa ya bidhaa hupita bandari za Mkoani na Wete: alama ibandikwe hapo hapo bandarini, na chupa tupu zipokewe kwenye kituo kimoja kila shehia badala ya kila duka.