Fomu ya Access: ijihifadhi yenyewe au ingoje kitufe?

Karani aliyezoea Excel akikalishwa mbele ya fomu ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata, swali lake la kwanza huwa moja: kitufe cha kuhifadhi kiko wapi? Fomu ya kawaida ya Access haikihitaji. Ukianza kuandika, alama ya penseli hutokea kwenye ukanda ulio kushoto mwa rekodi. Ukihamia rekodi nyingine, ukifunga fomu, ukibonyeza Shift na Enter kwa pamoja, au ukiingia kwenye fomu ndogo iliyomo ndani ya fomu kuu, rekodi inaandikwa jedwalini na penseli inatoweka. Hakuna anayekuuliza kama umemaliza.

Hapo ndipo watengenezaji wa mifumo wanapotengana. Wapo wanaounganisha fomu moja kwa moja na jedwali na kuiacha Access ifanye kazi yake. Wapo wanaounda fomu huru, isiyounganishwa na jedwali lolote: visanduku vitupu, msimbo wa VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access) unaovijaza, na kitufe cha Hifadhi kinachotuma amri ya INSERT (kuongeza rekodi) au UPDATE (kuibadilisha).

Hoja ya hawa wa pili si ya kupuuzwa. Fomu iliyounganishwa huamini kila kinachogusa kibodi. Kosa linalojirudia sana ni la karani anayemtafuta mwanachama kwa kuandika jina kwenye kisanduku cha jina, akidhani ndicho cha kutafutia. Akisogea rekodi inayofuata, Asha ameshageuka Juma, na namba yake ya uanachama imebaki ile ile. Kitufe cha Tab nacho, kikibonyezwa kwenye kisanduku cha mwisho, humrusha mtu hadi rekodi ya pili na kuhifadhi ya kwanza bila kukusudia. Katika Access 2003 na matoleo ya kabla yake, hata kuzungusha gurudumu la kipanya kulitosha kuhamisha rekodi.

Lakini kila mwanya huo una kizibo chake, na hakuna hata kimoja kinachodai kuitenga fomu na jedwali. Weka AllowEdits, sifa ya fomu inayoruhusu kuhariri, kuwa No, kisha kitufe cha Hariri kiifungue rekodi kwa makusudi. Weka sifa ya Cycle kuwa Current Record, na Tab itazunguka ndani ya rekodi hiyo hiyo. Kisanduku cha kutafutia kikae kwenye kichwa cha fomu, kwa rangi tofauti. Watumiaji nao wafundishwe kitufe cha Esc: mara ya kwanza kinarudisha kisanduku kilichoguswa, mara ya pili kinarudisha rekodi nzima, mradi penseli bado ipo.

Ukaguzi wenyewe uwekwe kwenye tukio la BeforeUpdate la fomu, ambalo hutokea kabla rekodi haijaandikwa, kwa njia yoyote ile mtumiaji aliyopitia. Kasoro ikionekana, mstari wa Cancel = True unazuia kuhifadhi. Wengi huweka ukaguzi kwenye BeforeUpdate ya kisanduku, kisha wanashangaa tarehe ya kuzaliwa imebaki tupu. Tukio la kisanduku halitokei kama kisanduku hakikuguswa. Na ujumbe wa "Una hakika unataka kuhifadhi?" kwenye kila rekodi ni kelele tu. Baada ya rekodi chache, kidole kinabonyeza Enter kabla jicho halijasoma.

Anayetaka kitufe cha Hifadhi ili watu watulie moyo, akiweke. Nyuma yake pawe na mstari mmoja unaohifadhi rekodi: Me.Dirty = False. Asiandike DoCmd.Save, maana amri hiyo huhifadhi muundo wa fomu, si rekodi. Mstari huo huo uje kabla ya kuchapisha ripoti ya rekodi iliyo mbele yako, kwa sababu ripoti husoma jedwali, haisomi kioo. Uje pia kabla ya DoCmd.Close. Rekodi isiyohifadhika, tuseme kwa kuwa sehemu ya lazima haijajazwa, inaweza kutupwa kimya kimya fomu inapofungwa kwa amri hiyo. Ukitanguliza Me.Dirty = False, kosa namba 3314 litajitokeza na mtu atajua.

Gharama ya fomu huru huonekana baadaye, hata kama mfumo ulifanya kazi vizuri wakati wa majaribio. Chukua amri ya SQL (lugha ya hizo INSERT na UPDATE) iliyojengwa kwa kuunganisha maneno. Siku akija Ng'ang'a, au anwani ikawa Ng'ambo, ile alama ya king'ong'o inasomwa kama mwisho wa maandishi na amri inavunjika. Kwenye majina ya kwetu hilo si tukio la nadra. Tarehe ni mbaya zaidi kwa kuwa haivunji kitu. Ndani ya SQL ya Access, tarehe iliyo kati ya alama za # husomwa kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe 3 Aprili iliyoandikwa 03/04/2024 inaingia kama 4 Machi. Tarehe 13 Aprili inaingia sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo makosa yanajificha katika siku 12 za mwanzo wa kila mwezi. Dawa ni kutumia vigezo vya QueryDef (amri iliyoandaliwa, ambayo thamani zake huingizwa kando) badala ya kuunganisha maneno, au angalau kuandika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Fomu iliyounganishwa haina matatizo haya inapohifadhi rekodi.

Kisha kuna watu wawili kwenye rekodi moja. Fomu iliyounganishwa yenye Record Locks ya No Locks (rekodi haifungwi mtu anapoihariri) humwonya anayehifadhi wa pili kwa kidirisha cha Write Conflict, chenye chaguo la kufuta mabadiliko ya mwenzake, kuyaweka yake pembeni kwenye ubao wa kunakili, au kuyaacha. Kidirisha hicho kinakera, lakini kinasema kweli. Fomu huru haisemi kitu: wa mwisho kubonyeza ndiye anayebaki jedwalini. Ukitaka ionye, ongeza safu ya Toleo, UPDATE yako iwe na sharti la namba ya toleo uliyoisoma, kila mabadiliko yaongeze 1, kisha kagua RecordsAffected, yaani idadi ya rekodi zilizobadilishwa. Ikiwa 0, mwenzako amekutangulia. Tekeleza amri kwa chaguo la dbFailOnError, la sivyo rekodi zilizokataliwa hazitatoa kosa. Na CurrentDb (hifadhidata iliyofunguliwa) uiweke kwenye kigeu kimoja cha msimbo, kwani kila unapoiita unapata kitu kipya ambacho RecordsAffected yake haihusiani na amri iliyotangulia.

Mahali ambapo fomu huru inastahili kazi hiyo yote ni kwenye stakabadhi au ankara yenye mistari. Kwa fomu iliyounganishwa, kichwa cha stakabadhi kinahifadhiwa papo hapo unapoingia kwenye fomu ndogo ya mistari, kwa hiyo mteja akighairi baada ya mistari mitatu, Esc haitarudisha kichwa. Suluhisho ninaloliona la busara ni la kati: unganisha fomu na majedwali ya muda yaliyo kwenye faili la kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, kisha kitufe kihamishe kichwa na mistari kwa muamala mmoja (ama vyote vinaingia, ama hakiingii hata kimoja), BeginTrans hadi CommitTrans, na Rollback kosa likitokea. Umeme ukikatika kwenye mstari wa 30, mistari 29 iliyokamilika iko kwenye diski. Ingekuwa kwenye kumbukumbu ya VBA, yote ingekwenda.

Namba ya stakabadhi isiwe AutoNumber, ile ambayo Access huitoa yenyewe. Katika jedwali la Access, AutoNumber hutolewa mtu anapoandika herufi ya kwanza ya rekodi mpya, na akibonyeza Esc namba hiyo hairudi. Mkaguzi wa hesabu atauliza stakabadhi namba 118 iko wapi. Namba mpya ipatikane ndani ya muamala, yaani namba kubwa zaidi iliyopo kuongeza 1, na safu iwe na faharasa isiyoruhusu kurudiwa. Wawili wakigongana, wa pili anapata kosa 3022, na msimbo unajaribu tena kwa namba inayofuata.