Gari la mtumba lina rikoli: ulikimbie au ulichukue?

Juzi jirani yangu kaghairi kununua kagari kadogo ka Kijapani, eti kaambiwa "hilo lina rikoli", yaani kampuni ilishakiri kasoro na kuyaita magari ya aina hiyo yakarekebishwe bure. Akachukua jingine na hakuuliza chochote. Hapo ndo tunapojichanganya, maana ile rikoli kubwa ya eabegi (yale maputo yanayofumuka kukukinga kwenye ajali) zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata imegusa Fit, Vitz, Corolla na mengine kibao tunayopanda kila siku.

Tatizo lenyewe liko hivi: puto linajazwa na kabaruti kalikofungwa ndani ya kopo la chuma, na kale kabaruti (amonia naitreti) joto na unyevu wa miaka vinakaharibu, siku ya ajali kanalipuka kupita kiasi, kopo linapasuka na vyuma vinakuja usoni na shingoni. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 20, makopo yaliyoitwa kule ni kama milioni 67, na Takata yenyewe ikafilisika 2017. Joto na unyevu... Dar, Tanga, Mombasa, tunaelewana.

Wanaosema rikoli isikutishe wana hoja, na mi nawaunga mkono nusu. Gari lililoitwa likabadilishwa kopo ni salama kuliko ambalo halijawahi kuchekiwa. Halafu Japani tangu Mei 2018 gari lenye kopo la hatari ambalo halijabadilishwa linanyimwa ule ukaguzi wao wa shaken. Ila ukaguzi huo ni wa gari litakalotembea barabara za kwao, likishafutiwa usajili lije huku halihitaji kuupita. Kwahiyo tundu lipo.

Upande wa pili wanauliza, hata ukijua, nani atakurekebishia? Swali zito. Mi nilienda kwa wakala mmoja (simtaji), nikaambiwa gari hatukuuza sisi, acha namba tutakupigia. Nasubiri simu mpaka leo. Fundi wa mtaani yeye ana jibu fasta, "tuichomoe tu bosi", na wengine waliichomoa kitambo kabla gari halijakufikia. Washa switchi uangalie taa ya SRS (ndo taa ya eabegi) kwenye dashibodi: inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa ujue kuna mtu kachezea, na pengine puto lenyewe halipo. Kuichomoa sikushauri, unakimbia kopo linaloweza kupasuka unaenda kukosa puto kwa uhakika.

Kwa hiyo mi naona kosa la jirani sio kuogopa, ni kuogopa jina la gari badala ya kucheki gari lenyewe. Omba chesisi namba kabla hujalipa, ingia tovuti ya kampuni ya Japani (ni Kijapani ila brauza inatafsiri). Usitumie zile za Kimarekani, zinataka herufi na tarakimu 17 na namba zetu ni fupi zenye kistari, kama NZE121-, zitaikataa na wewe utadhani gari liko safi. Ukikuta halijarekebishwa mwambie muuzaji alipeleke likabadilishwe kopo kulekule bure ndo alipakie melini. Akianza kuzungukazunguka, hela yako bado iko mfukoni.