Waliniambia Nithubutu

Aliyeniponza ni neno "safi". Mwaka mzima nilishona mfarishi wa viraka, lile shuka nene la kitandani la vipande vilivyounganishwa, kama mtu mwenye akili zake timamu: pamba tupu, miraba iliyolingana, pindo la mshono, yaani ukingo unaobaki nje ya uzi, milimita 6 bila kuzidi wala kupungua. Nikaupeleka kwa wenzangu tunaoshona pamoja. Wakauzunguka. Wakaugusa pembe. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Kazi safi," akanyamaza.

Wewe unayeshona unaelewa. Kazi nzuri huambiwa "eh!" au "hapa umefanyaje?" Ukiambiwa safi, ujue unapewa pole. Baadaye akanivuta pembeni, na sauti ameishusha kama anatoa taarifa ya msiba: "Ndugu yangu, jaribu kuthubutu kidogo kwenye vitambaa."

Haya, nikathubutu. Sasa njooni mniuguze.

Nilianza na mahameli. Ukiipapasa, paka. Ukiiweka chini ya mguu wa cherehani, paka kwelikweli: inajivuta, inarudi nyuma, inatorokea pembeni. Unabana pini kumi na mbili, vitambaa viwili vinaondoka pamoja kama maharusi, mkifika mwisho wa mshono mmoja ametangulia kidole kizima. Na ile kitu ina malaika! Vinyweleo vyake vimelala upande mmoja, kwa hiyo kiraka ukikigeuza juu chini kinakuwa cheusi, na jirani yake anang'aa, ilhali mama yao mmoja, baba mmoja, mkasi mmoja. Nusu saa nzima nilimlaani mtu aliyeitia rangi. Maskini wa watu hana kosa.

Satini yenyewe ukishaikata tu inaanza kuaga. Uzi mmoja, uzi wa pili, na hawa wanakwenda wapi? Nilikuwa na milimita 6 za pindo. Nilipofika mezani kwa pasi nilibaki na 3, zenyewe zinatetemeka. Wajanja hukibandika kwanza kitambaa chembamba chenye gundi kwa nyuma, ndipo wanakata. Mimi nilikata, ndipo nikawauliza wajanja.

Halafu kuna kile cha kumetameta nilichohakikishiwa kuwa ni hariri. Kuna njia ya kupima: unachomoa nyuzi mbili, unaziwasha juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi na majivu yake ni laini. Hariri inanuka nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kipimo kizuri sana. Ila mimi nilikifanya kwa pasi, katikati ya mfarishi, na kipande tayari kimeshonwa pande zote nne. Jibu nililipata. Liko kwenye pasi mpaka leo.

Nikasema basi, nishike kitambaa cha kiume. Nikachukua suruali yangu ya jinzi. Sindano namba 70, ile nyembamba ya kushonea vitu laini, ilikutana na makutano ya mishono mitatu ikakatika, kipande kikaruka hadi leo sijakiona, natembea ndani na viatu. Nikaweka namba 100. Jinzi ikanyooka. Nikavuka mpaka kwenda kwenye hariri (ya kweli safari hii) kwa sindano ileile, ikatoboa matundu kama ya chujio. Sasa kila baada ya inchi nne nasimama kubadili sindano, kama dereva wa lori anayetafuta gia mlimani.

Na msinitajie Gee's Bend. Nawajua, nawaheshimu. Wanawake wa kijiji kile cha Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, zikaenda na New York. Yuko mmoja, Missouri Pettway. Mwaka 1942, baada ya kufiwa na mumewe, alikata nguo zake za kazi akashona mfarishi wa kujifunika, ili amkumbuke. Hapo sina utani, magoti ya suruali zile yana habari kuliko rangi zote nilizonazo kabatini. Lakini yule bwana alikuwa ameshafariki! Mimi nimejikatia suruali mwenyewe, nikiwa hai, na bado ilikuwa inanitosha.

Rangi nyekundu naipitia haraka kwa sababu inaniuma. Niliulowesha mfarishi kidogo ili ulale sawa, nikaubana pini, nikaenda kulala na mimi. Asubuhi nyekundu ilikuwa imechuja na kuhamia kwa mweupe jirani yake, bila hodi. Ningeifua peke yake kwanza, lakini nani anafua kitambaa kipya? Nimeulizwa pale ni nini, nikajibu machweo. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Kilichonimaliza ni kufua. Pamba inataka hivi, hariri inataka maji baridi na mkono mwepesi, mahameli haitaki kukandamizwa, jinzi inachuja, kile kishenzi cha kumetameta kinaogopa joto. Wote hawa wameshonewa shuka moja. Ndiyo maana nimeutundika ukutani. Miaka yote nilikuwa najiuliza ni lini mfarishi unaacha kuwa wa kitandani na kuwa sanaa. Ni siku ile unapogundua haufuliki.

Jana mama watoto aliita kutoka kwenye kochi. "Baba watoto, mito ilikuwa minne. Huu mmoja mbona uko uchi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta, mgongo nimeuegemeza kwenye mahameli ya kijani, mikono nimeitandaza kama golikipa anayesubiri penalti. Nikamwambia labda foronya yake imefuliwa.

"Na nani?"