Klinsmann alijenga nini hasa?

Mjerumani Jürgen Klinsmann, mshambuliaji aliyegeuka kocha, akitajwa leo, watu hukumbuka siku zake 76 pale Hertha Berlin, au kipigo cha 2–0 kutoka kwa Jordan kilichomponza akiwa kocha wa Korea Kusini Februari 2024. Uchezaji wake haubishaniwi: Kombe la Dunia 1990, unahodha wa Euro 1996, mabao 47 katika mechi 108 za taifa. Anayedharauliwa ni kocha. Hoja nzito zaidi aliitoa beki wake Philipp Lahm mwaka 2011: kwamba Bayern Munich chini ya Klinsmann walifanya mazoezi ya viungo karibu tupu, mbinu zikaachwa, hadi wachezaji wakawa wanakubaliana wenyewe wacheze vipi.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Aprili 2009 Bayern walifungwa 5–1 na Wolfsburg, na siku nne baadaye 4–0 na Barcelona. Kabla mwezi haujaisha, alishatimuliwa.

Lakini turudi 2004. Ujerumani ilikuwa imetoka Euro hatua ya makundi bila ushindi hata mmoja. Klinsmann, ambaye hakuwa amewahi kufundisha timu yoyote, alipopewa timu hiyo ya taifa alitaka apange benchi la ufundi mwenyewe. Mbinu akamkabidhi Joachim Löw, umeneja Oliver Bierhoff, makipa Andreas Köpke, kuwachunguza wapinzani Mswisi Urs Siegenthaler. Wakufunzi wa viungo aliwatoa Marekani, na mikanda yao ya mpira unaovutika ikachekwa sana. Mkanda huo huvishwa juu ya vifundo vya miguu, mchezaji akachuchumaa kidogo na kupiga hatua za kando. Misuli ya makalio ikikomaa, nyonga hutulia, na mtu hugeuka kwa kasi bila goti kubeba mzigo wote. Kila mmoja alirudi klabuni na programu yake, kwa kuwa timu ya taifa hukaa naye siku chache tu.

Kombe la Dunia 2006 lilichezwa Ujerumani kwenyewe. Wengi hutaja bao la Mjerumani Neuville dhidi ya Poland, dakika ya 91, kuwa ushahidi wa pumzi ile. Si ushahidi mzuri: yeye na Odonkor aliyempigia krosi walikuwa wametoka benchi. Ushahidi uko kati ya Juni 30 na Julai 4, 2006. Katika robo fainali Argentina walitangulia, Klose akawasawazishia Wajerumani dakika ya 80, nao wakamaliza dakika 120 na kushinda kwa penalti. Siku nne baadaye wakakutana na Italia, waliokuwa wamewatandika 4–1 Florence mwezi Machi na ambao robo fainali yao haikufika dakika za nyongeza. Wakawazuia hadi dakika ya 119, Pirlo alipompenyezea Grosso mpira baada ya kona, naye akafunga.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mwenyeji hachezi mechi za kufuzu. Kwa miaka miwili, ukiacha Kombe la Mabara 2005, Klinsmann alicheza mechi za kirafiki tu. Kipigo cha Florence kilimletea matusi, lakini hakikumnyima pointi. Bayern kila wiki ilikuwa na pointi zake, na Löw hakuwa pembeni yake tena. Kwa hiyo Lahm alisema kweli kuhusu Bayern. Kosa ni la wanaoichukua kauli hiyo na kuifutia kazi ya 2004 hadi 2006.

Julai 2014, Ujerumani ilipotwaa Kombe la Dunia Rio de Janeiro, Löw, Bierhoff, Köpke na Siegenthaler walikuwa bado kazini. Nahodha aliyelinyanyua kombe lenyewe alikuwa Lahm.