Msikiti Uliokuwa Ndani ya Parthenon

Agosti 1839, mbinu ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa hadharani jijini Paris. Ilipofika Oktoba, Pierre-Gustave Joly de Lotbinière alikuwa ameshafika Athens na kamera yake, akaipiga picha Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki lililo juu ya kilima cha Akropolis. Bamba la asili lililobeba picha hiyo limepotea, lakini mchoro ulionakiliwa kutoka kwenye bamba hilo ulichapishwa. Unaonyesha kitu ambacho wengi hawakitarajii: katikati ya nguzo za hekalu umesimama msikiti mdogo.

Ulijengwa enzi za Dola ya Osmani, baada ya mizinga ya jeshi la Venice kulilipua hekalu mwaka 1687. Ugiriki ilipojitawala, chini ya mfalme kijana aliyeletwa kutoka Bavaria, ilihitaji asili ya kujivunia, ikaichagua Athens ya Perikles, kiongozi wa mji huo katika karne ya tano kabla ya Kristo, hekalu hilo lilipojengwa. Miaka michache tu baada ya picha ile, msikiti ukaondolewa. Mnara wa Zama za Kati uliokuwa kwenye lango la Akropolis ulidumu zaidi, na picha za miaka ya 1850 na 1860 zinauonyesha. Nao ukabomolewa mwaka 1875, kwa fedha za Heinrich Schliemann, yule mchimbaji wa mji wa kale wa Troy.

Wapiga picha hawakubomoa hata jiwe moja, ila naamini waliikamilisha kazi ya wabomoaji. Albamu ya picha za Akropolis ya Mmarekani William James Stillman, ya mwaka 1870, naipenda mno. Jinsi mwanga unavyolipapasa marumaru, unaweza kukaa na ukurasa mmoja muda mrefu. Lakini picha za namna hiyo, zilizouzwa kwa watalii na kusambaa Ulaya nzima, ziliwazoesha watu kuona nguzo tupu na anga, kana kwamba hakuna aliyepita pale tangu enzi za Perikles.

Siwalaumu Wagiriki wa wakati ule. Walitoka kwenye vita vya kikatili, na kila taifa changa hutafuta sura yake. Hata hivyo, Parthenon ilikuwa kanisa kwa karne nyingi, kisha msikiti, na waliosali humo walikuwa watu wa Athens vilevile. Ningekuwa na sauti huko, kila kitabu cha shule chenye picha ya Parthenon kingechapisha na ile ya 1839, ukurasa huohuo, kwa ukubwa uleule.