Usawa wa kijinsia hauko kwenye karatasi ya mahudhurio

Kama umewahi kufanya kazi kwenye mradi wowote wa maendeleo hapa Tanzania, uwe wa maji, wa lishe au wa kilimo, unaijua ile karatasi ya mahudhurio: jina, kijiji, namba ya simu, KE au ME, sahihi, na siku hizi wameongeza na kisanduku cha ulemavu. Jioni afisa wa mradi anahesabu KE, zikifika nusu anapumua, picha ya pamoja inapigwa akina mama wa vitenge vizuri wakisogezwa mbele, ripoti inaenda kwa mfadhili na jinsia tumeshamaliza. Mi naona hapo tumehesabu makalio yaliyokaa kwenye viti tu, mnisamehe kwa lugha.

Anza na muda wa mkutano wenyewe. Unaitishwa saa nne asubuhi, kwa nini saa nne? Kwa sababu gari la mradi linatoka mjini saa mbili na dereva anataka kurudi kabla ya giza, sababu nyingine hamna. Saa nne mama yuko shambani, au yuko kwenye foleni ya maji, na huo mradi wa maji ndo eti umekuja kumpunguzia foleni. Basi anayetokea ni bibi ambaye hana mtoto mdogo tena, au binti katumwa na mamake aende akaandike jina, maana kuna tetesi kwamba kaya zisizohudhuria zitakatwa. Anakaa nyuma, hasemi kitu, anasaini, KE imeongezeka. Wanaume waliozoea kusimama wanasimama, wanajadili kituo cha maji kikae wapi, na mwisho wa mjadala kituo kinakaa barabarani karibu na mnada, pazuri sana kwa kunyweshea ng'ombe, na mama bado anapandisha kilima na ndoo yake.

Afu ikija kamati. Mwenyekiti mwanaume, katibu mwanaume, mweka hazina mwanamke. Nimeona mpangilio huu mara nyingi mpaka siku hizi naweza kuwatajia kabla kura hazijahesabiwa. Wanasema akina mama ni waaminifu na pesa. Haya, tumeshukuru kwa sifa, ila huyo mama amepewa sanduku na daftari tu, hela ikipungua ataulizwa yeye na pengine atalipa yeye kwa kuuza mbuzi wake, lakini hela hiyo itumike lini na kwa nini anaamua mwenyekiti. Kwenye ripoti inasomeka wanawake wanashika nafasi za uongozi na watu kule makao makuu wanafurahi.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa nzuri ipo hapa hapa kwetu, kwenye sheria zetu, na watu wa miradi wanaipita kila siku wakienda kuandika mkakati mpya wa jinsia wa kurasa 60. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7 na angalau 3 wawe wanawake. Hiyo wengi wanaikumbuka. Utamu wenyewe uko kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali: kikao kinahitaji wajumbe 4, na kati ya hao 4 wanawake wasipungue 2. Yaani wazee wakijikusanya wenyewe kwa wenyewe jioni kumalizana na shauri la shamba la mjane, hicho si kikao, hata wawe wamekaa mpaka usiku. Sisemi kila kijiji kinafuata, lakini mjane ana pa kushikia, na hata mwenyekiti mbishi kabisa analazimika kuuliza kwanza akina mama mna nafasi saa ngapi. Ona hapo, saa ya kikao imebadilika yenyewe bila semina yoyote ya kubadilisha mtazamo.

Kwa hiyo nikiambiwa mradi una asilimia 50 ya wanawake kwenye kamati, naulizia akidi. Kama wanaume wanaweza kukaa na kupitisha mambo bila mwanamke hata mmoja, hiyo 50 ni ya mapambo.

Tena mambo ya wafadhili sasa hivi yanatupa somo tusilolitaka. Uingereza walitunga sheria mwaka 2014 kwamba waziri wao lazima aangalie suala la usawa wa kijinsia kabla ya kutoa msaada wa maendeleo. Sheria nzuri, lakini mwaka 2021 msaada wenyewe ukashushwa kutoka asilimia 0.7 ya pato lao la taifa hadi 0.5, na 2025 wakatangaza utashuka tena hadi 0.3 ifikapo 2027. Sweden walijitangazia sera ya nje ya kifeministi 2014, serikali ikabadilika 2022 wakaachana nayo. Marekani ndo usiseme, 2025 USAID, shirika lao la misaada, yote imefungwa, watu wameamka asubuhi mradi haupo. Sasa kama usawa wa mwanamke wa Kishapu au Nanyumbu ulikuwa umeandikwa kwenye andiko la mradi peke yake, basi ulikuwa mikononi mwa mpiga kura wa nchi ambayo huyo mama hajawahi kufika. Ukiwa kwenye katiba ya chombo cha maji cha kijiji, gari la mradi hata lisiporudi akidi inabaki.

Kuna ndugu zangu wataniambia haya mambo ya jenda ni ya wazungu, yaende nao. Hivi Bibi Titi Mohamed alipokuwa anazunguka mwaka 1955 kuwaingiza wanawake TANU, alitumwa na mfadhili gani? Na ule mkutano mkubwa wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 katibu mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, mtu wa Ukerewe. Tuache utani.

Kwa watu wenye ulemavu hali ni mbaya zaidi, na mara nyingi inaishia kwenye sentensi moja ya mwisho. Huwa kuna binti mmoja mwenye ulemavu anaitwa kila warsha, ni yule yule, anahesabiwa kama mwanamke, anahesabiwa kama kijana, anahesabiwa kama mtu mwenye ulemavu, indiketa tatu, yaani vipimo vitatu vya ripoti, kwa posho moja! Na hiyo posho moja anagawana na mtu aliyemsukumia kiti, maana nauli ya msaidizi haikuwekwa kwenye bajeti. Mkalimani wa lugha ya alama je? Anatafutwa jana yake jioni. Afu ukumbi uko ghorofani.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri angalau ilikuwa na mgao ulioandikwa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ikaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya usimamizi mbovu na vikundi hewa, ikarudi 2024. Ina kasoro nyingi, na kikundi cha akina mama kinaweza kukopa wakati waume zao ndo wanajua hela imeenda wapi. Ila iliposimama watu waliuliza bungeni inarudi lini, kwa sababu ni haki iliyoandikwa. Mradi ukiisha nani anauliza bungeni?

Basi wewe unayeandika andiko wiki hii, punguza semina moja ya uelewa, hiyo hela weka nauli ya msaidizi na mkalimani. Saa ya mkutano wapange akina mama, na kama ni saa kumi jioni dereva alipiwe malazi, hatakufa. Katiba ya kamati ikiandikwa, akidi iwe na wanawake wawili, na sahihi za benki zisikamilike bila ya mweka hazina, ili huyo mama anayeulizwa hela ikipotea awe na uwezo wa kusema hapana kabla haijatoka.